Nani Amemshika Kijiko

Machi 4

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na paa la chumba changu limefungua matundu mapya, kana kwamba halikuridhika na yale ya mwaka jana. Nimehamisha kitanda mara mbili. Mara ya pili nimezikuta ndala za marehemu mke wangu, pale ukutani alipoziacha siku alipokuja kunitembelea kituoni. Alisema anaziacha makusudi, ili nijue atarudi. Nimezipangusa vumbi nikazirudisha palepale.

Mwenzangu aliyekuwa anafuatilia watoto wa mbega, wale kima wa miti mirefu, amekwenda likizo ya uzazi, na Mkuu wa kituo amenikabidhi kazi yake mpaka mvua ziishe. Miaka yote mimi ni mtu wa miti. Napima mashina, naokota mbegu, nafungua nyaya za mitego. Miti haikimbii wala haizai. Nilimweleza hivyo Mkuu, akanitazama juu ya miwani yake.

"Wewe una mtoto mdogo nyumbani," akasema. "Utaelewa haraka."

Mama huyu hajui utani, kwa hiyo hakuwa ananisema vibaya. Lakini nimerudi chumbani nimenuna. Mtoto ninaye, nyumbani ndiko sina. Na kwa kuwa huku hakuna wa kumwambia maneno kama hayo, nitakuwa nayaandika hapa.

Machi 5

Mvua kutwa. Nimefua soksi. Hazitakauka.

Machi 8

Kazi yenyewe iko hivi. Unakaa chini ya miti na darubini shingoni. Saa ya mkononi inalia kila robo saa, na kila ikilia unajibu swali moja tu kwenye karatasi: nani amemshika mtoto? Huruhusiwi kuongea, kuonyesha kidole, wala kutia mkono katika mambo yao. Hata nyoka akija, unaandika nyoka.

Kundi langu linakaa kwenye kijito nyuma ya ghala. Ni weusi wenye manyoya meupe mabegani, kama watu waliojitupia mashuka. Majina walipewa na Mpishi wetu, zamani, baada ya kumshinda Mkuu kwenye dau ambalo siku hizi kila mmoja analisimulia kivyake. Ndiyo maana ukoo mzima unaitwa kama rafu ya vyombo. Dume ni Jiko. Jike mkubwa kuliko wote ni Sufuria. Karai ni yule aliyechanika sikio. Mwiko ni mwembamba, hajawahi kuzaa.

Karai amejifungua juzi. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, utadhani amedondokewa na unga, na Mpishi amemwita Kijiko bila hata kutoka jikoni kumwangalia. Kitoto hata hakijakauka vizuri, majike wenzake wamekwisha kukizunguka. Sufuria anavuta mguu, Mwiko anavuta mkono. Na Karai anawaachia! Asubuhi moja tu karatasi yangu ina majina ya kundi zima. Mama gani huyu anayegawa mwanawe kama magazeti?

Machi 9

Simu hapa inashika sehemu moja, juu ya ngazi ya tangi la maji. Ukitaka kuongea na watu wako unapanda juu kama fundi, na kila unachosema kinasikika jikoni.

Nimempigia shemeji, dada mkubwa wa marehemu. Yeye ndiye aliyempokea mwanangu hospitali siku ile mke wangu alipofariki akijifungua. Mimi nilizika, nikakaa kidogo, nikarudi msituni, kwa sababu pale nyumbani kila kitu kilikuwa kinaniuliza swali. Sasa mtoto anakaa mwenyewe bila kuegemezwa. Nimeambiwa tu, sijaona.

"Yuko salama," shemeji akasema. "Amekula. Sasa amelala."

"Anaendeleaje?"

"Maneno mengi. Kutwa nzima anaongea na ukuta. Tunamwita Chiriku."

Nyuma yake cherehani kilikuwa kinanguruma. Yeye ni fundi wa nguo, anashonea palepale chumbani kwake.

"Unakuja lini?" akaniuliza.

"Mvua zikiisha."

"Haya."

Akakata. Shemeji amekuwa mkavu siku hizi. Nimeteremka ngazi nikiwaza kwamba mwanangu amepewa jina la utani na mimi sikuwepo. Tena ni jina zuri, ndiyo linaloniuma.

Machi 15

Leo juu ya tangi nimepata mvua na simu ya Mama yangu kwa pamoja.

"Mwanangu, mtoto wetu atalelewa kwa watu mpaka lini?"

"Si watu, Mama. Ni mama yake mkubwa."

"Mama mkubwa ambaye hana wake! Atamzoea huyo. Halafu utakuja kumwona mwanao kwa kuomba ruhusa. Mimi nimeshanunua kitanda. Ukipata likizo, mchukue umlete kwangu."

"Nitafikiria, Mama."

"Usifikirie. Mchukue."

Mpishi alikuwa chini anaosha masufuria, akapaza sauti, "Muulize kitanda chenyewe cha mbao gani!" Nilimrushia kifuniko cha chupa. Lakini maneno ya Mama yamenikaa kichwani tangu mchana. Shemeji aliolewa, akaachika kwa sababu ya kukosa mtoto, na tangu hapo hajataka habari za mume. Sasa amepata mtoto bila kubeba mimba. Mtu kama huyo atamwachia nani?

Machi 21

Karai akishawapa wenzake mtoto, haangalii nyuma. Anakwenda moja kwa moja kwenye majani machanga na kula kwa mikono miwili. Mbega hawana kidole gumba, wananasa tawi kwa vidole vinne kama kulabu na kulivuta mdomoni, na mwenye mtoto kifuani hana budi kutumia mkono mmoja, mwingine umemshika mwana. Karai leo amekula mpaka tumbo limekuwa ngoma. Nimeandika pembeni: mlafi.

Machi 22

Hakuna jipya. Paa linavuja upande wa miguu.

Aprili 2

Sasa wamenizoea. Na mimi nimeanza kuwajua tabia, hasa Mwiko. Wengine wakimchukua Kijiko wanamlamba, wanamchambua manyoya, akilia wanamrudisha. Mwiko hajui hata kumshika. Leo amemning'iniza kichwa chini kama kuku wa sokoni. Kijiko amelia, Karai amemfuata na kumnyang'anya. Haukupita muda Mwiko amerudi tena, anajisogeza, anajipendekeza, anamchambua Karai mgongoni huku jicho liko kwa mtoto.

Wakati wa chakula nimemsimulia Mpishi.

"Wewe unamchukia Mwiko," akasema.

"Nitamchukiaje mnyama?"

"Leo umemtaja kuliko unavyoutaja mshahara."

Mkuu akacheka puani, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Aprili 11

Mkuu amekwenda mjini. Mpishi anaumwa jino, amejifungia. Nimekula peke yangu mezani, nikasikia mwenyewe jinsi ninavyotafuna.

Niseme ukweli, nina upweke. Si ule wa kukosa watu, nimeuzoea, miti imenifundisha. Huu ni wa kuwa na mtu mahali fulani ambaye hajui kwamba upo. Chiriku akiniona leo atanitazama kama anavyomtazama msoma mita.

Alfajiri Jiko hunguruma mpaka bonde zima linatetemeka. Kisha anakaa kwenye tawi lake, anafunga macho, na majike wanaendelea na kazi. Sijawahi kuandika jina lake kwenye karatasi ya nani amemshika. Hata mara moja.

Aprili 17

Upepo umevunja lile tawi kubwa lililokuwa linaunganisha mti wa upande wetu wa kijito na ule wa ng'ambo. Nimelipima kwa mazoea. Ni nene kama kiuno changu, na lilikuwa limeoza kwa ndani. Nimejisikia vizuri kushika futi tena.

Aprili 19

Nimempigia shemeji. Amepokea mwanamke mwingine, nadhani jirani.

"Mama Chiriku ana homa, amejilaza kidogo," akasema. "Mtoto ninaye mimi hapa. Nani mwenzangu?"

"Baba yake."

"Baba yake nani?"

"Baba yake Chiriku."

Nikasikia anamhamishia mtoto bega la pili.

"Aa!" akasema. "Kumbe yupo!"

Sikumbuki nilivyoaga. Nilibaki juu ya ngazi mvua ikinipiga, na Mpishi, ambaye lazima alisikia yote, hakunitania hata neno moja. Mama Chiriku. Mwenye jina hilo nimemzika kwa mikono yangu. Nani ameligawa? Mama alisema, na mimi nikasema nitafikiria. Sasa nimemaliza kufikiria. Likizo ikifika namchukua mwanangu.

Aprili 20

Ni lazima niandike leo, kesho nitaanza kujitetea.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Karai alikuwa amevuka kijito na baadhi ya wenzake, wanakula ng'ambo. Upande huu alibaki Mwiko na Kijiko. Saa ikalia, nikaandika Mwiko. Ikalia tena, Mwiko. Kijiko akaanza kulia, kile kilio chembamba cha njaa. Karai akaitika kutoka ng'ambo. Mwiko akasogea mpaka ukingoni mwa mti, akatazama maji, akageuka. Akampa Karai mgongo na kuanza kwenda zake, akifuata kijito kuelekea juu, haraka, mtoto kamkumbatia, mtoto analia.

Nikasema kwa sauti, "Mwizi."

Sijui hata nilimwambia nani. Niliinuka, nikapiga makofi, nikashika mti mdogo uliokuwa mbele yangu na kuutikisa kwa nguvu zangu zote huku napiga kelele amwache, amwache. Mtu mzima, mfanyakazi wa miaka yote hii.

Mwiko akaruka bila kuangalia. Kijiko akachomoka. Nimemwona akianguka, kitu cheupe kati ya majani. Chini kulikuwa na mimea mitambaazi. Ikamnasa. Akabaki amening'inia kwa mkono mmoja, anapiga mateke, analia sauti ambayo sitaisahau.

Kundi zima lililipuka. Karai hakuweza kuvuka pale. Alikimbia upande wake wa kijito kuelekea juu, mpaka kwenye mti mmoja ulioinama juu ya maji, akavukia hapo, akateremka upande huu kama mshale. Ndipo nilipoelewa. Tawi la kuvukia limevunjika. Mimi ndiye niliyelipima! Tangu upepo ule hakuna njia nyingine ila kuzunguka na mti ulioinama, na huko ndiko Mwiko alikokuwa anakwenda. Alikuwa anampeleka mtoto kunyonya.

Karai amemkwanyua Kijiko kwenye mitambaazi na kumbana kifuani. Mkono mmoja wa mtoto ulikuwa umelegea, haushiki. Jiko akateremka mpaka matawi ya chini na kunikazia macho. Mimi nilikuwa nimesimama na saa yangu inalia.

Aprili 21

Nimemfuata Mkuu ofisini kabla hajamaliza kufungua madirisha. Nimemweleza.

"Umeandika?"

"Nimeandika hali ya hewa."

"Kaandike ulichofanya."

"Nilidhani anamwiba."

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa tena.

"Ulikuwa unataka kumsaidia nani?" akauliza.

Nilijua nimemwaga unga, nikawa naangalia zulia. Lakini hakunifukuza. Amesema nisikanyage tena chini ya miti ile, nikae mbali kwenye mteremko, nyuma ya gogo, na niendelee na karatasi mpaka mvua ziishe, niyaone matokeo ya kazi yangu kwa macho yangu mwenyewe. Ningependelea kufukuzwa.

Aprili 24

Nani amemshika? Karai. Nani amemshika? Karai. Kutwa nzima, karatasi yote, jina moja.

Aprili 25

Karai.

Aprili 29

Sufuria amenyoosha mkono, Karai amempa mgongo. Mwiko hathubutu hata kukaribia, anakaa tawi la pembeni peke yake, mikono kaikunja tumboni. Mtoto anaponyonya anaachia, analia, anashika tena.

Mwezi uliopita ningeona hivi ningefurahi. Ningeandika: mama safi, haachi mwanawe. Sasa namwona anavyokula. Mkono mmoja umembana mtoto, wa pili unavuta tawi, tawi linarudi, anaambulia jani moja. Wenzake wakihama kwenda kwenye mti wenye majani machanga yeye anafika mwisho, yameshaisha. Manyoya ya ubavuni yamepoteza mng'aro. Mifupa ya nyonga naihesabu kwa darubini.

Nilimpigia makofi Mwiko ili Karai apate mtoto wake. Kampata.

Mei 3

Mpishi ameniletea chai huku mteremkoni, kwenye mvua, amevaa mfuko wa unga kichwani. Amekaa na mimi nyuma ya gogo bila kusema kitu, kwake hiyo ni kazi ngumu. Mwishowe amesema, "Mimi kwetu tulizaliwa wengi. Mpaka nimekuwa mkubwa sikujua vizuri ni nani aliyenizaa. Wote walikuwa wananipiga sawasawa." Nimecheka hadi chai imenipalia. Baada ya kuondoka nimejikuta nalia, na sikujizuia, kwani nani ananiona.

Mei 6

Mkono wa Kijiko umeanza kushika, ila umepinda. Karai amekonda zaidi.

Mei 9

Ukungu. Sikuona kitu.

Mei 12

Mvua ilikatika asubuhi, jua likatoka. Mwiko ameondoka kwenye tawi lake. Anakwenda hatua, anakaa, anaangalia pembeni kama hana habari na mtu. Amefika kwa Karai, akaanza kumchambua shingoni. Akamchambua mgongo, mabega, lile sikio lililochanika. Saa yangu imelia, nimeandika Karai. Imelia tena, Karai. Karai macho yalikuwa yanafumba, kichwa kinamwangukia.

Ndipo Mwiko akaweka mkono juu ya Kijiko, akauacha hapo tu. Hakuvuta. Kijiko mwenyewe ndiye aliyegeuka, akamshika manyoya kwa ule mkono wake uliopinda, na Karai akafungua kifua.

Mwiko alimkumbatia vizuri, kichwa juu, amejifunza. Karai alikaa kidogo kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka. Kisha akapanda kwenye majani machanga na kula. Kwa mikono miwili. Anavuta, anajaza mdomo, anavuta tena kabla hajameza.

Saa ikalia. Nani amemshika? Nimeandika Mwiko, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Halafu nimerudi kwenye karatasi ya Machi 21, nikafuta neno mlafi.

Mei 13

Siku nzima nimekuwa nasikia simu za shemeji kichwani. Yuko salama, amekula, amelala. Cherehani kinanguruma. Mkono mmoja una simu, mguu unakanyaga cherehani, mtoto yuko wapi? Mapajani, bila shaka. Na kila mara, bila kukosa, unakuja lini.

Nilidhani anataka kujua siku ya kujiandaa kunigomea.

Mei 14

Nimepanda tangi.

"Yuko salama," shemeji akaanza. "Amekula, sasa..."

"Na wewe umekula?"

Cherehani kilinyamaza. Nilisikia Chiriku akibwabwaja karibu na simu, maneno mengi kweli.

"Leo bado," shemeji akasema.

"Homa je?"

"Ilipoa. Jirani alinisaidia siku mbili, naye ana wake." Akashusha sauti. "Nimerudisha vitambaa vya watu, shemeji. Mtoto akiamka siwezi kushona, na akilala na mimi nasinzia juu ya sindano. Sikutaka kukwambia, una majonzi yako."

"Na wewe unayo. Alikuwa mdogo wako."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Unakuja lini?" akauliza.

"Nakuja," nikasema.

Mei 20

Nimemwomba Mkuu anihamishie ofisi ya mjini, anakokaa shemeji, kule kwenye chumba cha majani makavu, kazi ya kubandika vielelezo na kuandika majina ya miti. Nilidhani atashangaa.

"Nafasi hiyo ipo tangu ulipofiwa," akasema. "Wewe ndiye uliyesema unataka msitu."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Amenisainia papo hapo.

Mei 31

Siku ya mwisho nyuma ya gogo. Kijiko ameanza kuota manyoya meusi mgongoni, bado kidogo atafanana na wengine. Ameshikwa na Mwiko, na Sufuria, na Karai, na Mwiko tena. Jiko amepita karibu nao, akasimama, akamnusa mtoto kichwani, akaendelea na safari yake. Nimeyaandika hayo pembeni ingawa fomu haina sehemu yake.

Mpishi amenipa kijiko cha mbao. "Cha mtoto," amesema. "Si cha mbega." Ndala nimezifunga kwenye gazeti.

Juni 2

Nimefika mchana. Nilikuwa nimetunga maneno ya kumwambia shemeji njia nzima, mazuri, yamepangwa. Alipofungua mlango yote yalikwenda na maji.

Amekonda. Chiriku alikuwa amemkalia kiunoni, mkubwa, na nyusi za mama yake zilezile. Mlangoni palikuwa na begi.

"Vitu vyake nimeshafunga," shemeji akasema. "Mama yako alinipigia. Nguo za baridi ziko chini. Hapendi maji ya moto sana, na bila kuimbiwa halali. Utamwambia."

Hakugomba wala hakulia. Alisema kama anayesoma orodha ya sokoni, huku mkono wake umembana mtoto mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa.

"Hicho chakula cha lini?"

"Cha asubuhi. Sijapata nafasi."

Niliweka mizigo chini, nikanyoosha mikono.

"Mtaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Sikuja kumchukua, shemeji. Nimekuja kukupokea. Nimehamia hapa mjini. Lete mtoto, ule."

Nilikaa na mikono yangu hewani, sikuvuta. Mwishowe alimtoa kiunoni na kuniwekea kifuani, na Chiriku akanitazama, akajaza mapafu, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje.

"Atalia sana," shemeji akasema, ameshainuka nusu.

"Acha alie. Kula."

Alikaa. Alianza kula kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ulibaki umekunjwa ubavuni, kama mtoto bado yupo. Hakuwa na habari nao. Mimi nazunguka chumba na mwanangu ananipiga ngumi za kidevu, nimefungua gazeti nimnyamazishe kwa chochote, zikatoka ndala. Chiriku akaikamata moja, akaitia mdomoni, kimya. Shemeji akazitambua. Akazitazama, akatazama mkono wake uliokunjwa, akaushusha polepole na kuulaza mezani. Kisha akavuta sahani karibu kwa mikono yote miwili.

Ameongeza mara mbili.

Jioni nimempigia Mama.

"Umemchukua?" akauliza.

"Hapana. Mama, kile kitanda kilete huku. Na wewe mwenyewe uje nacho. Mikono haitoshi."

Nilisubiri anishambulie.

"Huyo dada anajua kumwosha kichwa?" akauliza.

"Anajua. Lakini amechoka."

"Basi nitakuja na sabuni yangu."

Juni 3

Leo siandiki sana. Mvua imekwisha, na katika chumba cha jirani nilichopanga nasikia kupitia ukutani shemeji anavyokoroma, mchana kweupe, cherehani kimefunikwa. Chiriku amelala begani kwangu baada ya kuukataa wimbo wangu mara nyingi kisha kuukubali kwa kukosa mwingine. Amenishika shati. Naandika kwa mkono mmoja, ndiyo maana herufi zimelala ubavu.